Nini hasa humtoa mtu wa kawaida nyumbani akachukue fomu ya kijiji au mtaa?

1. Daftari la Kijiji (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam.

Sizungumzii wabunge wala mawaziri. Namzungumzia muuza maandazi, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu, mkulima wa ekari mbili. Nini kinampeleka kuchukua fomu ya uenyekiti wa kitongoji, kijiji au mtaa? Mshahara hakuna. Anayelipwa ni mtendaji wa kijiji, tena huyo ni mwajiriwa wa halmashauri. Mwenyekiti yeye ni kugongewa mlango saa nane za usiku kwa sababu ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya mtu. Na bado kila miaka 5 hapa Tanzania watu wanapatikana wa kujaza vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000.

Dai langu: sababu namba moja ni mapato na matumizi kutosomwa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa uitwe kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kikikaa mwaka mzima bila mkutano, watu walichangia tofali za darasa na darasa halijafika hata kwenye lenta, hapo ndipo unamkuta mtu ambaye hakuwahi kuvaa fulana ya chama chochote anauliza fomu zinatolewa wapi.

Nani ana sababu nyingine? Leteni.

2. Korosho Ghafi
Mkuu unawapamba sana. Sababu ni tumbo. Mshahara hakuna lakini muhuri upo. Barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, barua ya dhamana polisi, karatasi ya mauziano ya kiwanja, zote zinapita kwa mwenyekiti. Kwenye miji inayokua kuna mitaa muuzaji au mnunuzi anaombwa asilimia 10 ya bei ya kiwanja ili serikali ya mtaa "ishuhudie". Kiwanja cha milioni 6 ni laki 6, na risiti hupewi. Serikali imekemea mara nyingi, mchezo unaendelea. Usiniambie watu hawaioni hiyo.

3. Mpima Mipaka
Nyote wawili mmeiruka ardhi. Huku vijijini ardhi ndiyo inayowafanya wanyamavu waseme.

Ugawaji mbovu huwa unaanza kwenye karatasi. Kuna mkutano wa chanjo ya mifugo, au wa kugawa mbegu za ruzuku. Watu 140 wanasaini mahudhurio kwenye karatasi za daftari zisizo na kichwa wala tarehe. Miezi minne baadaye karatasi zile zile zimebanwa kwa pini nyuma ya muhtasari unaosema mkutano mkuu umeridhia kumpa mwekezaji hekta 180. Saini ni za kweli, mkutano ndio haukuwahi kukaa. Mtu akiliona jina lake pale, na la marehemu mama yake ambaye siku ya chanjo alikuwa hai, huyo hahitaji kuhubiriwa siasa. Atagombea.

Wanaohudhuria mikutano, jizoezeni hivi: kila ukurasa wa mahudhurio uwe na kichwa cha mkutano, tarehe na namba ya ukurasa. Jina la mwisho likishaandikwa, pigeni mstari chini yake, mwenyekiti na katibu wasaini hapo hapo kwenye mstari. Piga picha kwa simu kabla hujaondoka. Hekta 250 kushuka chini ni mamlaka ya mkutano mkuu wenyewe, kwa hiyo karatasi hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani.

4. Kifungu cha Nane
Mpima Mipaka, nikuongezee hapo kwenye hekta 250, wasomaji wasichanganye mambo mawili.

La kwanza: hekta 250 ni ukomo unaohusu kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla au ya hifadhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi unakwenda kwa Waziri baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano mkuu.

La pili: ugawaji wa kawaida ndani ya kijiji unafanywa na halmashauri ya kijiji, ile ya wajumbe 15 hadi 25, lakini hairuhusiwi kugawa hata kipande kimoja bila idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo hata ekari 5 alizopewa shemeji ya mwenyekiti zinatakiwa zionekane kwenye muhtasari wa mkutano mkuu. Zisipoonekana, una hoja.

5. Mama Dipi
Habari za jioni. Naona wanaume mmejaa kwenye mipaka na mihuri. Wanawake wengi wanaingia kupitia maji, na mlango wenyewe ni mita ya dipi, yaani kituo cha kuchotea maji.

Chukulia kituo kimoja cha kuchotea. Tarehe 1 mita inasoma 01284, tarehe 30 inasoma 01324. Zimepita uniti 40. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Uniti 40 ni ndoo 2,000. Kama ndoo ni shilingi 50, zinatakiwa ziwe zimekusanywa 100,000. Daftari la mchotishaji linasoma 63,500. Zipo wapi 36,500?

Sasa kabla hujamwita mtu mwizi, ondoa kwanza vitu hivi. Koki inayovuja baada ya mita inakula hela ya mchotishaji, maana maji yameshahesabiwa. Shule au zahanati inayochota bure kwa makubaliano, ndoo zao zimeandikwa wapi? Waliochota kwa mkopo, wana daftari lao? Posho ya mchotishaji inakatwa kabla ya kuandika au baada? Halafu kuna hewa. Maji yakikatika siku mbili, yakirudi yanasukuma hewa kwenye bomba na mita inazunguka bila maji kutoka. Kituo cha mgao mkali kinaweza kuonyesha uniti mbili tatu za hewa tupu kwa mwezi.

Ukishatoa vyote hivyo na bado kuna pengo la elfu 20 kila mwezi, kwenye vituo 9, hiyo ni 180,000. Kwa mwaka ni 2,160,000. Hela ya pampu. Mama aliyekuwa anakaa foleni saa kumi alfajiri akishaipiga hesabu hii mwenyewe kwa kalamu, haishii kwenye maji.

6. Korosho Ghafi
Mama Dipi hesabu yako imenyooka, sina ubishi nayo. Ila swali linabaki: kwa nini asiende RUWASA, wakala wa maji vijijini, au kwenye chombo chenyewe cha watoa huduma ya maji akalalamika yakaisha? Siasa inaingiaje?

7. Mama Dipi
Inaingia kupitia ajenda, mkuu.

Hesabu za maji zinatakiwa zifike mbele ya watumiaji wenyewe, na nani anaitisha watu wa kijiji? Nani anapanga kinachoanza na kinachofuata? Suala la maji likiwekwa kwenye "mengineyo", linafikiwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Akina mama wameshaondoka kupika, mbuzi wanarudishwa, mwenyekiti anasema "tunalichukua". Mara ya pili linachukuliwa, mara ya tatu linachukuliwa. Hapo mtu anaelewa kwamba kujua hesabu hakutoshi kama mwenye ajenda ni mwingine. Anagombea ili maji yawe ajenda namba tatu, mara baada ya kufungua kikao na kusoma muhtasari uliopita.

8. Funguo Tatu
Hoja zote nzuri lakini mnadhani mtu anajipeleka mwenyewe. Wengi wanaombwa.

Angalieni ni nani anayeombwa. Sanduku la kikundi cha hisa lina makufuli matatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Aliyekaa na ufunguo miaka mitatu bila kikundi kugombana, aliyekuwa mweka hazina wa kwaya, anayeandika rambirambi msibani na akasoma jumla mbele za watu kabla jeneza halijatoka: hao ndio wanaofuatwa usiku na wazee wawili watatu. "Tumekaa tukaona wewe." Ukimuuliza sababu ya kuingia siasa atakwambia hana, na anasema kweli.

9. Mpima Mipaka
Funguo Tatu umesema kweli lakini nusu. Wazee nao wana sababu yao. Mara nyingi wanamtafuta mtu mpole ili wamwendeshe. Ndiyo maana wanampenda mweka hazina wa kwaya na wanamkwepa Mama Dipi na kalamu yake.

10. Mama Dipi
Wakinikwepa kalamu inabaki palepale.

11. Mwana wa Wadi
Ndugu zangu wa Tanzania, salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu Kenya hesabu ya sababu inakwenda tofauti kwa vile mwakilishi wa wadi analipwa mshahara. Wadi ni 1,450 nchi nzima, na mabunge ya kaunti yalianza na uchaguzi wa 2013 chini ya Katiba ya 2010. Vijana wengi wanaingia kwa ajili ya basari: wameona orodha ya waliopata karo, mtoto wa jirani mwenye gari yumo na yatima hayumo.

Pia sisi mtu hahitaji chama. Anayetaka kuwania wadi bila chama anahitaji saini za wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, na yeye mwenyewe asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Ada ya tume kwa wadi imekuwa shilingi 5,000 za Kenya, na nusu yake kwa wanawake, vijana na walio na ulemavu. Makosa yanayowaangusha ni saini za watu wa wadi jirani, namba ya kitambulisho iliyokosewa tarakimu moja, na waungaji mkono ambao bado wako kwenye sajili ya chama fulani bila wao kujua. Ukihitaji 500, kusanya 700.

12. Kifungu cha Nane
Karibu sana Mwana wa Wadi. Hapo umegusa tofauti kubwa kuliko ya mshahara.

Kwetu mgombea binafsi haruhusiwi, kuanzia urais hadi kitongoji. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania hoja hii miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994, ikampa tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010 kwa kusema hilo ni jambo la Bunge, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa haki tarehe 14 Juni 2013. Sheria zetu hazijabadilika kwa hilo.

Kwa hiyo fundi baiskeli wa mwanzisha uzi anaamua kwanza kugombea, halafu ndipo anatafuta chama cha kumdhamini. Tukimwona na kadi mpya tunasema ana uchu wa madaraka, wakati kadi ni tiketi ya kupandia basi tu.

13. Korosho Ghafi
Kadi mpya wiki mbili kabla ya uteuzi na wewe unaiita tiketi ya basi! Kuna wanaozunguka vyama vitatu ndani ya miaka mitano. Hao nao wanatafuta basi?

14. Kifungu cha Nane
Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini uwatenganishe kwa kuangalia walichokuwa wanakifanya kabla ya kadi. Mwenye muhtasari wa malalamiko aliyoyapeleka kata mwaka jana si sawa na aliyeibuka Oktoba.

15. Dada wa Kikundi
Naomba niongeze sababu ya wanawake isiyo ya maji: ile asilimia 10.

Kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Sasa fuatilieni safari ya kikundi cha akina mama wa batiki. Katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya benki yenye watia saini, andiko la mradi, muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo, kisha karatasi zinapita kijijini au mtaani, zinakwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ndipo zinapanda halmashauri. Kila meza kuna mtu anayeuliza "mnatokea kwa nani?"

Mwenyekiti wa kikundi akishazunguka meza hizo mara tatu anazijua kuliko diwani mpya. Anajua karatasi inakaa siku ngapi wapi na kwa nini. Baada ya hapo kugombea viti maalum vya udiwani, ambavyo haviwi pungufu ya theluthi moja ya madiwani wa kuchaguliwa, kwake ni kuendelea na safari ile ile akiwa upande wa pili wa meza. Na mlango mdogo kuliko huo upo: baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Wengi huanzia hapo, wanajifunza kusikiliza pande mbili, halafu watu wanawaona.

16. Kijana wa Stendi
Wakuu shukrani kwa uzi. Swali la vitendo. Tuseme mtu ana sababu yake tayari, iwe maji au mpaka. Anaanguka wapi kwenye fomu? Maana 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu, vyama kadhaa vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Yale makosa hasa yalikuwa yapi?

17. Daftari la Kijiji
Kijana wa Stendi, nijibu kwa ninachokijua, wengine wasahihishe.

Sifa kwanza: raia, miaka 21 au zaidi, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mkazi wa eneo hilo, ana shughuli halali ya kumwingizia kipato, mwanachama na amedhaminiwa na chama chake.

Mtego wa kwanza unakuja kabla ya fomu. Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake ya wapiga kura, tofauti na daftari la kudumu la Tume ya Uchaguzi. Kuwa na kadi ya mpiga kura hakukuweki kwenye orodha ya kitongoji. 2024 uandikishaji ulikuwa siku 10 tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba. Aliyekuwa safarini siku hizo alikwama.

Mtego wa pili ni jina. Kitambulisho kinasema Juma Hamisi Juma, orodha inasema Juma Hamis, barua ya chama inasema J. H. Juma. Msimamizi anayetafuta sababu ameshaipata. Chagua umbo moja la jina, liwe lile la orodha, na kila karatasi ilifuate herufi kwa herufi.

Mtego wa tatu ni sehemu ya kazi. Watu wanaandika "mkulima" wengine wanaacha wazi. Usiache wazi. Andika "mkulima wa mahindi na alizeti, kitongoji fulani".

Wa nne: udhamini wa chama. Jina la kiongozi, cheo, saini na muhuri, vyote vya ngazi inayokubalika. Wa tano: kurudisha saa ya mwisho. Rudisha siku mbili kabla, ukiwa na nakala yako, na msimamizi aandike kwenye nakala hiyo tarehe na saa aliyopokea. Ofisi ikifungwa mchana, simama mlangoni na mashahidi, piga picha ya kufuli saa ikionekana. Pingamizi na rufaa zina muda mfupi sana, zinahesabiwa kwa siku. Bila nakala hakuna rufaa.

18. Mpima Mipaka
Nyongeza kwenye mtego wa kwanza: nenda mwenyewe ukasome orodha ikibandikwa. Usimtume mtu. Angalia jina, jinsia na umri. Umri ukikosewa ukawa 20, umeshakosa sifa kwenye makaratasi.

19. Kijana wa Stendi
Asanteni sana. Kumbe nusu ya siasa ni herufi.

20. Korosho Ghafi
Naona nimeachwa peke yangu kwenye tumbo. Basi nilete hoja ya kwetu kusini ili msiseme napinga tu.

Mikoa ya korosho, mtu anajifunzia siasa kwenye chama cha msingi. Unapeleka kilo 300 ghalani, unapewa stakabadhi, mnada unafanyika, bei inatangazwa. Hela ikija si ile uliyopiga kichwani: kuna ushuru wa halmashauri, kuna tozo ya chama cha msingi, ya chama kikuu, kuna ghala, kuna usafirishaji. Kila tozo ni shilingi chache kwa kilo na kila moja ina maelezo yake. Mkulima anayeweka karatasi ya malipo mezani na kujumlisha tozo moja moja ndiye mwaka unaofuata anasimama kwenye mkutano wa chama cha msingi, na miaka miwili mbele ni diwani. Msimu wa 2018 Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, na uhakiki ukaanza wa nani ana shamba na nani ni kangomba, watu ambao hawakuwahi kuongea kikaoni waliongea. Tumbo, ndiyo, lakini tumbo la kwake mwenyewe, si la kula vya watu. Hapo narekebisha post yangu namba 2 kidogo.

21. Dada wa Kikundi
Hatimaye Korosho Ghafi ameiva.

Kwa faida ya wasiojua, kangomba ni yule anayenunua korosho kwa mkulima mwenye shida kabla ya msimu, kwa bei ya chini, kwa kipimo cha bakuli. Hata ushuru huo wa halmashauri una historia yake: 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa. Mkulima asiyejua hilo analipishwa kwenye kizuizi kwa magunia manne ya mahindi.

22. Saa za Mchana
Nimesoma wote. Mnajibu kwa nini mtu anaona tatizo. Hamjajibu kwa nini kati ya 200 wanaoliona, anasimama mmoja.

Jibu langu ni muda. Halmashauri ya kijiji inakaa kila mwezi. Chini yake kuna kamati ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii, na ya ulinzi na usalama. Ongeza usuluhishi wa ugomvi, wageni wa wilaya wanaotaka kupokewa, misiba. Hesabu siku 8 hadi 10 za mwezi zisizo na ujira. Kibarua wa mashamba ya watu anayelipwa kwa siku hawezi kuzitoa. Wanaoweza ni mwenye duka lenye mke au mtoto wa kukaa kaunta, mstaafu mwenye pensheni, mwenye nyumba za kupangisha, mwenye bodaboda mbili alizokodisha. Waangalieni wenyeviti mlio nao mniambie kama nimekosea. Kila mtu ana sababu ya kuingia, lakini si kila mtu ana mchana.

23. Funguo Tatu
Saa za Mchana hii ni kali, na inaniuma. Lakini inaelezaje akina mama wa foleni ya maji? Wao ndio wenye muda kidogo kuliko wote na bado wanaingia.

24. Saa za Mchana
Wanaingia wachache, na wengi wao watoto wameshakua. Angalia umri. Mwenye mtoto mgongoni anahudhuria mkutano, hasimami kuuongoza.

25. Mama Dipi
Hapana, hapo nakataa. Wanawake wenye mtoto mgongoni ndio wanaojua dipi ipi imefungwa na saa ngapi. Kinachowazuia ni saa ya kikao. Kikao cha saa nane mchana kinaisha saa kumi na mbili. Kikianza saa tatu asubuhi, baada ya maji na kabla ya kupika, utawaona. Kubadilisha saa ya kikao hakuhitaji bajeti.

26. Kijana wa Stendi
Tukitoka kidogo nje ya mada: na gharama za kura za maoni ndani ya chama? Maana 2020 kwenye chama tawala waliojitokeza kuomba ubunge walikuwa maelfu, na baada ya hapo nchi nzima ikawa inasema wajumbe si watu.

27. Kifungu cha Nane
Huo ni uzi mwingine kabisa mkuu. Kwa kifupi: takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilibatilishwa na Mahakama Kuu 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010. Lakini mjumbe anayepiga kura ya maoni bado anategemewa apewe "nauli". Kwenye kitongoji mambo haya ni madogo, chai na vitumbua. Kwenye kata yanakua. Wengi wanaoanza na sababu safi wanakwama hapa, maana hawakuiweka kwenye hesabu. Na ukikopa ili uwape wajumbe, unaingia ofisini ukiwa na deni ambalo muhuri ndio utalilipa. Kwa hiyo sababu ya Korosho Ghafi na sababu ya Mama Dipi zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, zikapishana miezi michache tu.

28. Daftari la Kijiji
Kifungu cha Nane, hiyo sentensi yako ya mwisho nimeirudia mara mbili. Bado nasimama na mapato na matumizi, lakini hoja ya ajenda na ya saa ya kikao sikuwa nazo.

Mama Dipi, ombi moja. Lile daftari la dipi ulilolisema, safu zake zinapangwaje? Kuna watu wanataka kuanza mwezi huu.

29. Mama Dipi
Daftari kubwa la mistari, kila ukurasa mwezi mmoja, kituo kimoja. Safu kuanzia kushoto: tarehe, mita asubuhi, mita jioni, uniti, ndoo zinazotakiwa, yaani uniti mara 50, ndoo zilizolipiwa, ndoo za mkopo na jina, ndoo za bure na ni za nani, fedha taslimu, saini ya mchotishaji, saini ya shahidi. Maji yakikatika andika "hakuna" na saa yaliporudi, ili hewa ionekane.

Shahidi abadilishwe kila wiki, awe mtu wa foleni, asiwe mjumbe wa kamati. Mita isomwe na wote wawili wakiwa wamesimama mbele yake, kwa sababu 6 na 8 kwenye mita chafu zinafanana. Beba kitambaa.

30. Korosho Ghafi
Kitambaa na tochi. Jioni kule kwetu kunaingia giza mapema.